Ndefu Moja kwa Kila Neno

Tulimzika Shangazi Subilaga Jumamosi, mvua ikinyesha kama kawaida ya huku kwetu, na Jumapili mchana wifi yangu Tumpe akaja kwangu na picha. Tumpe ni dada wa marehemu mume wangu. Ameishi Dar es Salaam tangu usichana wake, na kila akija Tukuyu huanza kulalamikia baridi hata kabla hajashuka kwenye basi. Alikaa jikoni, karibu na moto, akanywa chai ya maziwa, ndipo akafungua mkoba. "Nimeikuta kwenye sanduku la Shangazi, chini kabisa, imeviringishwa kwenye kanga," akasema. "Ni Baba, enzi zake za meli." Akaiweka mezani. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Niliigeuza kifudifudi haraka, kama mtu anavyofunika maziwa nzi asitumbukie, nikaona upande wa nyuma tu, karatasi iliyogeuka manjano. Tumpe alicheka mpaka akakohoa. "Wifi jamani! Una wajukuu, nywele nyeupe kichwani, na mzee mwenyewe yuko udongoni miaka yote hii. Bado unamkimbia?" Nikamwambia simkimbii mtu, anywe chai yake. Lakini picha ilibaki pale mezani, uso chini, na usingizi wangu ukaharibika.

Asiyekulia Unyakyusa inabidi aelezwe. Kwetu, mwanamke akiolewa, baba mkwe wake hamwoni. Siyo kwamba wamegombana. Ndiyo heshima yenyewe. Ukimsikia anakohoa njiani unaacha njia, unaingia migombani, unajifunika kanga kichwani mpaka apite. Hamsemezani. Hamli pamoja. Jina lake hulitaji, na ndiyo maana hapa sitaliandika. Nitamwita Baba, inatosha. Ndugu zake wa kiume nao ni vilevile. Watu wa kanisani walishaanza kulegeza mambo haya nilipokuwa msichana, na vijana wa siku hizi wanakaa kochi moja na wakwe zao wakitazama mpira. Sawa, ni dunia yao. Mimi niliolewa katika nyumba iliyoshika. Nilikaa jirani na mkwe yule, bonde moja tu kati yetu, na sikuwahi kuuona uso wake. Sauti yake niliisikia mara moja. Na bado nasema kuna mwaka ambao hakuna mtu niliyezungumza naye zaidi kuliko yeye.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya Tukuyu yalikuwa yamejaa ghafla, sabuni za kila rangi, mitumba imemwagwa chini kwenye turubai watu wakichagua kama wanaochambua maharage, mabasi ya watu binafsi yakishindana kwa honi. Bidhaa zilikuja, kazi zikaondoka. Mume wangu Gwakisa alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha chai, na kiwanda kilipoanza kutafutiwa mnunuzi, wao wakaambiwa wamepunguzwa. Neno lenyewe lilimuudhi. "Kupunguzwa," alikuwa akisema, "utadhani mimi ni chumvi." Tulikuwa tumejenga upande wa Kyimo, nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili na jiko la nje. Ukisimama kizingitini unaliona bonde lote: migomba, halafu chai, halafu mto usioonekana ila unasikika, halafu mgongo wa pili, na juu yake bati la Baba limeshika kutu. Baba alikuwa mgane, na goti lake lilikuwa halikunjiki tena. Hakuweza kushuka bondeni akapanda kwetu. Mama mmoja jirani yake ndiye aliyempikia. Kwa hiyo yeye na mwanawe walizungumza kwa taa.

Zilikuwa taa mbili. Ujanani Baba alichukuliwa na Waingereza katika jeshi lao la majini kule pwani, wakamfundisha kupasha ishara, na baadaye akafanya kazi hiyohiyo kwenye meli ya Ziwa Nyasa. Meli ile ilipochakaa ikaburutwa ufukweni ikatwekatwe, wenzake waliomba mbao na kamba, yeye akaomba taa zake. Kubwa alikaa nayo mwenyewe, pana kama sufuria la msibani, inasimama juu ya mguu wa chuma. Ndogo, ya kushika mkononi, alimpa Gwakisa, aliyekuwa amefundishwa naye herufi zile tangu utotoni. Mwili ulikuwa wa shaba iliyopakwa rangi ya kijivu. Ndani kulikuwa na kioo cha kuakisi mwanga, na mbele vibao vyembamba vya bati vinavyofunguka na kufungika kwa pamoja ukibonyeza kishikio. Ukifungua mara moja na kufunga, hiyo ni fupi. Ukikawiza, hiyo ni ndefu. Na kila herufi ina fupi na ndefu zake. Umeme ulitoka kwenye betri ya gari, ambayo Hamza wa dukani mjini alikuwa akituchajia. Hamza alikuwa rafiki wa Gwakisa tangu shule, Mwislamu wa pale Tukuyu, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe, na kila alipozipandisha betri zile kwa baiskeli alilalamika kwamba sisi ndio watu pekee duniani wenye simu inayobebwa na punda, na punda mwenyewe ni yeye.

Gwakisa alinieleza kwamba vitani meli zilikwepa kutumia redio, maana redio husikiwa na kila mwenye masikio, adui akiwemo. Taa huonwa na yule uliyemlenga. Juu yake kuna kibomba. Unaweka jicho pale unamtafuta mwenzako, na usipomshika sawasawa utaongea na miti. Sheria zake zilikuwa za kijeshi, na Baba alizishika kama Amri Kumi. Anayesoma haondoi macho kwenye mwanga wa mwenzake hata nyuki amuume. Kila neno likisomeka, msomaji anajibu ndefu moja, maana yake nimelipata, lete lingine. Asipojibu, mpelekaji haendi mbele. Analirudia neno lilelile mpaka lijibiwe. Na ukikosea unapiga fupi nane mfululizo, maana yake futa, naanza upya. Kila jioni, jua likishaingia na giza bado halijashika, Gwakisa alikaa kizingitini na ile taa magotini, nami nikikaa nyuma yake namenya ndizi, nasikiliza vibao vikigonga, ta, taa, ta. Yeye alitamka herufi kwa mnong'ono ili asizipoteze. Mtu mwenye masikio na muda, hata kama hakuitwa darasani, atashindwaje kujifunza?

Hakujua kwamba najua. Mwezi ule nilikuwa nimepoteza mimba ya kwanza, na nilikuwa mtu wa kulala nimeelekea ukutani. Jioni moja nilijikokota nikakaa mahali pangu nyuma yake, na kule ng'ambo mwanga ukaanza kuuliza. MKEO ANAKULA. Gwakisa akajibu, KIDOGO. Mwanga ukasema, MPE MAZIWA MGANDO. USIMWAMBIE ASILIE. Niliacha kisu kwenye beseni nikaenda jikoni, nikalia mpaka nikachoka, kilio ambacho mama yangu mzazi alikuwa amenikataza. Gwakisa alinifuata akasimama mlangoni. "Umesoma?" akaniuliza. Nikasema nimesoma. Akanitazama kama aliyemkuta kuku wake anaimba kwaya, kisha akaanza kucheka, na mimi machozi yananitoka nikacheka naye. Huyo ndiye Gwakisa ninayemkumbuka. Wengine hukumbuka waume zao wakiwa na suti ya harusi. Mimi namkumbuka mlangoni mwa jiko, moshi umemzunguka, anacheka.

Baada ya kipupwe aliamua kwenda Chunya kwenye dhahabu. Vijana wengi waliopunguzwa walikuwa wamekwenda, na waliorudi walirudi na redio kubwa na maneno makubwa. Nilimkatalia. Nikamwambia fundi wa mitambo hana kazi na mashimo, akanijibu kwamba mashimo nayo yana pampu, na pampu huharibika. Tulibishana siku nzima tukila kwa zamu. Kesho yake alfajiri, begi liko begani, alinishika mkono akaniwekea taa ndogo humo. "Usimwache mzee gizani," akasema. Nikamwuliza, na desturi je? Akasema, "Mtamaliza wenyewe." Ndivyo alivyokuwa, akishindwa jambo analiacha kwa wengine na tabasamu.

Jioni ile Baba aliita kama kawaida: fupi ndefu, fupi ndefu, ndiyo namna ya kumwita mtu asiyejulikana kama yupo. Nikamjibu. Kwa jibu lile tu akajua si mwanawe, maana mkono wa mtu kwenye kishikio hutambulika kama mwandiko. NANI, akauliza. Nikaandika, MKE WA GWAKISA. Kukawa giza. Kesho yake hakuita, na keshokutwa hakuita, nikajua nimeharibu, nikaanza kutunga namna ya kumweleza Shangazi Subilaga, dada yake Baba, aliyeishi karibu nami na kushika desturi kuliko wachungaji wanavyoshika Biblia. Halafu jioni iliyofuata mwanga ukawaka. NIMEFIKIRI, ukasema. TAA HAINA USO. TAA HAINA SAUTI. HUJAMBO MWANANGU. Niliketi chini pale kizingitini. Nilimjibu ndefu moja kwa kila neno, na kwa lile la mwisho nikachelewa kidogo kwa sababu sikuwa naona vizuri.

Basi tukaendelea hivyo miezi kadhaa. Aliniuliza kama mvua imefika upande wetu, ilhali aliiona. Nilimwambia NDIZI ZINAKUJA, nikampa Shangazi azipitishe, na jioni akajibu CHUMVI NYINGI LAKINI NIMEMALIZA. Alinieleza jinsi baharini walivyokaa juu ya daraja la meli, mmoja anasoma na mwingine anaandika, na jinsi msomaji asivyojua ujumbe una maana gani mpaka umalizike, kwa sababu yeye anashughulika na neno moja tu. Mimi niliyekatazwa kumtazama mkwe wangu, sheria ya taa ilinikataza kuondoa macho kwake. Jambo hilo lilinifurahisha kwa siri. Shangazi aliona mwanga na akakunja uso, mara moja nilimsikia nyuma ya jiko akimwambia mwenzake, "Anasemezana na mkwe wake kwa bati." Mwenzake akamjibu kwamba bati siyo mdomo. "Bati siyo mdomo," Shangazi akasema, "lakini maneno ni maneno." Kila jioni Baba alimaliza kwa swali hilohilo, KUNA HABARI, akimaanisha Chunya. Nami nilijibu BADO, au, barua ikiwa imekuja, MZIMA.

Siku yenyewe Hamza alipandisha betri mchana, siku ambayo hatukumwagiza. Nilimwona akisukuma baiskeli mlimani bila kulalamika, nikajua. Mtu wa maneno mengi akija kimya hana haja ya kusema. Aliiweka betri chini, akaifuta vumbi kwa shati lake, akasimama. "Shemeji," akasema, "keti kwanza." Sikuketi. Akaniambia dereva wa lori, mtoto wa kaka yake, ametoka Chunya. Duara, shimo lao la dhahabu, lilikuwa limejaa maji, Gwakisa akashuka na wenzake kutengeneza pampu, kingo zikaporomoka. Wamemtoa. Wanamleta. "Innalillahi," Hamza akasema, akakaa yeye mahali pangu, akafunika uso. Nakumbuka nilitazama ile betri nikafikiri, amechaji mpaka juu, maskini. Sijui kwa nini mtu hufikiri mambo ya aina hiyo.

Shangazi alifika mbio, kanga imemfunguka, na kabla sijafungua mdomo kulia akaniziba kwa kiganja. Kwetu msiba hautangazwi ovyo, hasa kwa mzazi. Wazee huenda asubuhi, wanakaa naye, wanazunguka na maneno, wanamshika mabega, ndipo wanamwambia. Na kilio cha wanawake huvuka bonde. "Mtu asilie," Shangazi akaamuru. "Ndugu yangu asisikie leo. Wazee wataondoka alfajiri." Wanawake wakaja mmojammoja wakajaa chumbani, wakakaa juu ya mikeka, kanga midomoni. Ndugu zake Baba wa kiume walikaa nyuma ya migomba ili nisiwaone, na maneno yao yaliletwa na Shangazi. Jikoni walishabandika vyungu vya ndizi na maharage vya watu wote wale. Sijawahi kukaa mahali palipojaa huzuni pakawa kimya namna ile. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akitikisika mwili mzima bila sauti, kama mtu mwenye homa.

Jioni ikafika, hakuna ukungu, bonde jeupe. Fupi ndefu, fupi ndefu. "Mzee anaita," mtu akanong'ona. "Mwache aite," Shangazi akasema. Akaita. Akanyamaza, akaita tena. Nilikuwa nimeketi ndani nikiutazama mlango, na mtu aliyejua kusoma hawezi kuona maandishi akaamua asiyasome. Halafu mwito ukageuka maneno. MOSHI MWINGI KWAKO. KUNA NINI. Nilisoma kwa sauti bila kukusudia. Wanawake wakatazamana. Shangazi akatoka, akaongea na wazee migombani, akarudi akainama sikioni kwangu. "Mwambie kuna wageni. Mwambie wageni tu, alale." Akaniwekea taa mikononi yeye mwenyewe, yule aliyekuwa akiiita bati.

Nikatoka kizingitini. Hamza alikuwa bado amekaa ukutani. Akaunganisha nyaya, akarudi nyuma. Niliweka jicho kwenye kibomba nikampata Baba, nikaanza kuandika kama nilivyoagizwa. Fupi, ndefu, ndefu: herufi ya kwanza ya wageni. Mkono ukakataa. Nilikumbuka kwamba yeye alikuwa ameniita mwanangu, na kwamba nilipopoteza mimba hakuna mwingine aliyeniruhusu kulia. Wangekwenda asubuhi na kumshika mabega, ni kweli, na yeye angejua kwamba jana yake jioni, saa ile ile alipouliza, taa yake mwenyewe ilimdanganya. Nilikasirika. Nasema kweli, ilikuwa hasira kabla ya kuwa huruma. Nikapiga fupi nane. Futa, naanza upya.

BABA, nikaandika. Ndefu moja ikajibu. GWAKISA. Ndefu moja. AMEFARIKI. Giza.

Nilingoja. Sheria unaijua, msomaji, nimekwisha kukueleza. Neno lisilojibiwa hurudiwa. Nililitazama lile giza nikiomba lijibu ili nisilirudie, na halikujibu. Basi nikaliandika tena, herufi kwa herufi, AMEFARIKI, mume wangu, kwa kidole changu mwenyewe. Giza. Nyuma yangu Shangazi akauliza, "Amesemaje? Amelala?" Sikumjibu, kwa sababu msomaji haondoi macho. Nikaliandika mara ya tatu. Machozi yalikuwa yameingia kwenye kibomba nikawa napiga kwa kukisia. Na ng'ambo ya bonde mwanga ukafunguka, ndefu, na haukufungwa. Ulikaa wazi. Vibao vilibaki wazi, mwanga umetukodolea macho, na kutoka kule ikaja sauti ya mwanamume, nzito, isiyo na maneno ndani yake. Ndiyo mara moja niliyoisikia sauti ya baba mkwe wangu. Halafu majirani zake wakaipokea, upande wote ule ukalia, na wanawake wa chumbani kwangu, waliokuwa wameibana tangu mchana, wakaachia. Shangazi alinishika bega akanigeuza. "Gwe! Umefanya nini?" Nikamwambia, "Aliuliza."

Mazishi yalikuwa kwa Baba, migombani kwake. Nilikaa na wanawake upande wa nyuma, nimefunikwa kichwa, na yeye akakaa na wanaume upande wa mbele, nyumba iko kati yetu. Tulimzika mtu mmoja bila kuonana. Maneno yalianza kabla udongo haujakauka: mjane amevunja desturi mara mbili, amesemezana na mkwe, tena amempa msiba kwa mdomo wake. Nilikuwa nasikia wakisema nje ya dirisha wakati wa matanga, wakila ndizi zangu. Shangazi alikuja akachukua taa ndogo. Wakati ule wanunuzi wa shaba na chuma chakavu walikuwa wakipita kila kijiji na magunia, biashara mpya ya ruksa, na taa ikaondoka na mmoja wao pamoja na masufuria yaliyotoboka. Sikuipigania. Sikuwa na nguvu za kupigania hata kijiko.

Lakini Baba hakujua kwamba sina taa. Matanga yalipokwisha, jioni, aliita. Nilisimama kizingitini mikono mitupu, namwona akiita, na nilihisi kama mtu anayesikia mtoto wake akilia ng'ambo ya mto uliofurika. Aliita mpaka giza likashika. Kesho yake nikawasha karabai, nikaiweka kizingitini, nikasimama mbele yake na ungo. Ungo ukikinga, giza. Ungo ukishushwa, mwanga. Kwa mkono uliochoka huwezi kuandika herufi namna hiyo, fupi zinagandana. Lakini ndefu moja unaweza. Aliita, nami nikashusha ungo, nikahesabu pumzi, nikaupandisha. Alielewa mara moja. Tangu jioni ile yeye alisema na mimi nikajibu ndefu. Alinisimulia Gwakisa alivyokuwa mdogo, kidogo kidogo, sentensi moja au mbili kila jioni: ALIOGOPA BATA. ALIKULA UDONGO WA UKUTANI. JINA LAKO ALINITAJIA KWA TAA KABLA YA POSA. Kila neno nilishusha ungo. Hamza aliendelea kumpandishia betri yule mzee, na safari hizo sikumsikia akijiita punda.

Masika yalikuja na ukungu wake, ule unaokaa bondeni kama umelipiwa chumba, na jioni nyingi hatukuonana. Jioni moja ukapasuka kwa muda mfupi na mwanga ukaja, dhaifu, mkono wake umekuwa mzito. WANASEMA UMEKOSA, akaandika. Ungo. HUKUKOSA. Ungo. Halafu akaacha Kiswahili, ambacho siku zote ndicho alichotumia kwenye taa, akaandika kwa lugha ya nyumbani. NDAGA. FIJO. Asante sana. Nilishusha ungo na ukungu ukafunga. Sijui hadi leo kama ndefu ile ya mwisho ilimfikia. Ulipoondoka, bati lake lilionekana na mwanga haukuwaka. Shangazi ndiye aliyekuja kuniambia asubuhi, akasimama nje, hakuingia. "Umeshammaliza," akasema. Niliyasikia maneno hayo kwake kwa miaka mingi, kanisani, sokoni, kwenye misiba ya watu. Nilihamia Tukuyu mjini, nikauza chai kwenye baraza la duka la Hamza, nikaolewa tena, nikazaa. Sijutii. Nimeulizwa mara nyingi kama najuta, na najibu hivyohivyo, kisha nakwenda kulala na neno lile lililorudiwa mara tatu bado liko kidoleni.

Na sasa Shangazi naye ametangulia, na kumbe muda wote alikuwa na picha ya ndugu yake, ameiviringisha kwenye kanga. Sikujua hata kama ipo. Nilikuwa nimemchukia vizuri, kwa utaratibu, na sasa chuki yenyewe sijui niiweke wapi.

Jana jioni Tumpe alirudi tena kwangu kuniaga. Picha ilikuwa palepale. Hakucheka safari hii. Akakaa, akaniuliza polepole, "Wifi, kweli hutaki kumjua?" Nikamwambia namjua. Akaguna. Nikamwambia, "Itazame wewe. Nisomee." Nikageuza kiti nikaelekea mlangoni, ambako kulikuwa na ukungu tu na kuku waliochelewa kulala. Nikasikia akiinua picha mezani.

"Amesimama," akasema.

"Eee," nikaitika.

"Nguo nyeupe. Kaptura. Soksi ndefu."

"Eee."

"Mkono wa kulia ameuweka juu ya taa kubwa. Kama mtu aliyeshika kichwa cha mtoto."

"Eee."

"Masikio makubwa kidogo. Macho ameyakaza mbele."

"Eee."

Nilisikia akivuta kamasi. "Anafanana na Gwakisa," akasema.

Sikuitika. Kuku mmoja akaingia chini ya meza akatoka.

"Wifi, umesikia? Anafanana na Gwakisa."

Nilitazama ukungu.

"Wifi," Tumpe akasema mara ya tatu, hajui anachofanya, hajawahi kufundishwa sheria ya mtu yeyote. "Anafanana na Gwakisa. Kabisa."

"Eeeee," nikasema, na sauti ilipotoka ikakataa kufungwa, ikakaa wazi, mpaka Tumpe akaiweka picha chini akaja kunishika.